Maana ya Kurralai

Jumatatu ya pili ya Machi 1971, saa nne na nusu asubuhi, Neville Ludlow alikuwa mezani kwake akila pai ya nyama iliyomiminiwa sosi ya nyanya, kichwa kakiinamisha juu ya gazeti la jana ili asichafue tai, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa wakala wao wa Gawler. Alisema ana Kurralai nne, gari lao jipya, uani kwake, zimerudishwa na wenyewe, na hakuna hata moja inayotaka kuondoka.

"Haziwaki?" Neville aliuliza.

"Zinawaka vizuri tu. Zinanguruma. Ukitia gia zinakaa, basi. Kama mtu anayesema nendeni, mimi nakuja."

"Zimetembea maili ngapi?"

"Zote zimepita mia tatu."

Neville akaiweka pai chini. Alipomaliza kuongea na wakala alikuwa hana hamu nayo tena.

Alikuwa mkuu wa idara ya majina ya Kampuni ya Magari ya Trewin, huku kaskazini mwa Adelaide. Idara yenyewe ilikuwa yeye, meza yake na kamusi kumi na tano. Zamani alifundisha Kilatini, mpaka shule yake ilipoamua kwamba useremala una faida zaidi. Watu walidhani kazi yake ni nyepesi, mtu kukaa kitako akitafuta maneno matamu. Hawakujua kwamba magari ya Trewin yana tabia moja, ambayo wahandisi walisema inatokana na chuma cha huku: likifikisha maili mia tatu, gari linaanza kuelewa jina lake. Kabla ya hapo ni bati tu na mpira.

Gari la mwaka 1958 liliitwa Meridiani, kwa heshima ya ule mstari wa ramani unaotoka kaskazini kwenda kusini. Lilikimbia vizuri sana kwenda kaskazini na kwenda kusini. Ukilielekeza mashariki lilikohoa na kuzimika. Watu wa Adelaide, mji uliopangwa kama karatasi ya miraba, walizoea kuteremka kwenye kona na kulisukuma. Baadaye ikaja Baroni, cheo cha mabwana wakubwa wa Ulaya, iliyokataa kuegeshwa nyuma ya nyumba. Baada yake Kipanga, iliyofunga breki yenyewe kila ilipoona sungura aliyekufa barabarani, na barabara zetu sungura waliokufa ndio mapambo yake. Ndipo Neville alipoajiriwa, awe mtu wa kuchunguza kila jina mpaka kwenye mzizi. Aliwaonea wivu Wajapani. Wao waliita gari lao Corolla, yaani shada dogo la maua kwa Kilatini, na shada la maua halina makuu.

Kurralai haikutoka kwenye Kilatini. Miaka mitatu nyuma, mkurugenzi, Bwana Lindsay Gault, alikuja na kusimama mlangoni pake, mikono mfukoni.

"Nev, safari hii nataka neno la hapa hapa. La wenyeji. Kila kampuni inafanya hivyo sasa. Liwe na mbio ndani yake, halafu mke wangu aweze kulitamka."

Neville alikwenda maktaba ya jimbo. Huko alikuta daftari la konstebo mmoja, Thomas Eddy, aliyekuwa akilinda upande mmoja wa Mto Murray mwaka 1868 na kuandika maneno aliyoyasikia kwa watu wa huko. Katika ukurasa wa kumi na tisa, kwa mwandiko safi, paliandikwa: *Kurralai: upesi, twendeni.* Neville alilisema mara tatu kwa sauti, mkutubi akamtazama. Akampigia simu profesa wa lugha ili ahakikishe, profesa akamwambia asijisumbue, lugha ile imekwisha, hakuna tena mtu anayeisema. Basi likaandikwa kwenye kijitabu cha gari: "Kurralai, neno la kale la wenyeji, maana yake upesi kama upepo."

Na sasa upepo ulikuwa umekaa uani Gawler, na kabla wiki haijaisha ulikuwa umekaa pia katika miji mingine tisa.

Mafundi walifungua giaboksi wakazisafisha, wakazifunga, wakazifungua tena. Jambo lilijulikana kwa bahati. Mteja mmoja, Ron Hateley, alikwenda uani kumfokea wakala. Aliingia kwenye gari lake, akaliwasha na kutia gia ili amwonyeshe jinsi lisivyosogea. Shangazi yake, Bi Beryl, aliyekuwa amefuatana naye kwa sababu alitaka kununua sufu ya kufumia, alichoka kusimama juani. Akafungua mlango wa pili na kukaa. Gari likaondoka. Lilikwenda kwa upole, likatoka getini, likawasha taa ya kona lenyewe.

Neville aliandika kwenye karatasi: *shangazi*. Akaagiza wanawake kumi na wawili, wote wanaoitwa shangazi na watoto wa ndugu zao, waje kantini ya kiwanda. Walikuja na mikoba yao na keki walizooka wenyewe. Wakaingizwa mmoja mmoja kwenye Kurralai. Kwa saba gari liliondoka. Kwa watano halikusogea. Bi Joan Tippett, aliyekuwa wa nne kukataliwa, aliona haya kabisa.

"Nina wapwa sita," alisema. "Wote nimewalea. Nina picha zao hapa."

Neville alitazama picha, akakubali kwamba ni wapwa wazuri, na gari halikusogea.

Wakati huo habari zilikuwa zimeenea. Majambazi watatu waliiba benki na kukimbilia Kurralai waliyoiacha ikinguruma mlangoni, wakakaa ndani yake na mifuko mapajani kwa dakika kumi na moja. Polisi nao walikuwa wamepewa Kurralai, lakini walifika kwa sababu sajini alikuwa anampeleka shangazi yake kwa daktari wa meno. Yule mama alibaki garini akishikilia shavu, majambazi wakatiwa pingu. Malalamiko mengi yalitoka kwa wanaume. Wanawake wengi waliendesha Kurralai bila kujua kwamba ina shida yoyote.

Aliyeuvunja ugumu huo alikuwa Clarrie Rigby wa karakana ya rangi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, aliyepaka rangi kila Kurralai iliyotoka kiwandani. Alimfuata Neville saa ya chai, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko, maana wiki hiyo walikuwa wanapaka nyekundu.

"Bosi, mnahangaika bure," alisema. "Gari halina ubovu."

"Halina ubovu na haliendi?"

"Linafanya lilivyoambiwa. Mmeliandika mgongoni *msubiri shangazi*, linamsubiri shangazi. Mnataka lifanye nini?"

Neville aliweka kikombe chini.

"Clarrie, wewe unaijua lugha hii?"

"Naiongea kila Jumapili. Nikikosea napigwa kofi."

"Na miaka mitatu yote umekaa kimya?"

"Yadi hamsini, bosi, kutoka meza yako mpaka bunduki yangu ya rangi. Nilifikiri mnajua. Nikajisemea, kumbe wazungu nao wana mapenzi na mashangazi zao, si vibaya."

Aliyekuwa akimpiga kofi alikuwa Shangazi Myrtle Rigby, dada ya baba yake, aliyekuwa na miaka sabini na kuishi katika nyumba ya serikali ya vyumba viwili karibu na reli. Jumapili Clarrie alimpeleka Neville. Shangazi Myrtle alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka upara, akamkatia kipande cha keki ya zabibu kavu, na hakumkaribisha mpaka alipokimaliza.

"Ndiye mwenye majina huyu?" alimuuliza Clarrie.

"Ndiye, Shangazi."

"Anaonekana mtu wa kuuliza. Mbona hakuuliza?"

"Nilimuuliza profesa," Neville alisema. "Aliniambia lugha imekwisha."

"Imekwisha wapi? Kwake?" Shangazi Myrtle alicheka mpaka akakohoa. "Kwake haijaanza, mwanangu. Haya, kula keki nyingine. Ulitaka kujua nini?"

Alitaka kujua kwa nini wale watano walikataliwa. Shangazi Myrtle aliona hilo ni swali la mtoto mdogo. *Lai*, alisema, ni dada wa baba. Hao watano lazima ni dada za mama. Dada ya mama ni mama mdogo au mama mkubwa, ana neno lake. Ilibidi arudie mara mbili, kwa sababu watu wa Adelaide wana neno moja kwa wote wawili, na Neville, pamoja na kamusi zake zote, hakuwahi kuliona pengo hilo. Alitoa kalamu akaandika. Alifarijika sana kwa ajili ya Bi Joan Tippett.

"Na kwa nini konstebo aliandika upesi?" aliuliza.

Clarrie alitoka nje kuvuta sigara. Shangazi Myrtle alimimina chai kwanza.

"Bibi yangu alikuwamo kwenye hilo gari," alisema. "La farasi. Alikuwa na miaka saba. Walikuja asubuhi wakasema wote wapande, wanapelekwa misheni, ardhi imepata mwenyewe. Kila mtu akapandishwa. Shangazi yake bibi hakuwapo, alikuwa ameshuka mtoni kuchukua kikapu chake alichokiloweka. Gari likaanza kuondoka. Watoto wakalia, *kurralai, kurralai*. Konstebo kakaa juu ya farasi na daftari lake, anamuuliza mwendesha gari, wanasema nini hao? Yule mtu alikuwa hajui neno hata moja. Akasema, wanasema upesi. Basi akachapa farasi."

Neville alikuwa ameshika kalamu na hakuwa akiandika kitu. Alikumbuka kwamba katika ukurasa wa kumi na tisa, chini ya lile neno, konstebo alikuwa ameongeza mstari mmoja: *Watoto wana furaha kubwa ya safari.* Alipouona maktaba aliupenda. Sasa aliisukuma keki kando.

"Hakurudi mtu kumchukua?"

"Walisema watarudi," Shangazi Myrtle alisema. "Mwanangu, nisikilize. Mimi gari lenu sina haja nalo. Andikeni tu maana yake sawasawa, kwenye kile kijitabu. Hilo tu."

Kesho yake Neville alipanda ghorofa ya tatu kwa mkurugenzi. Bwana Gault alimsikiliza mpaka mwisho, akigeuza geuza Kurralai ya kuchezea iliyokuwa mezani pake.

"Kwa hiyo siyo upepo."

"Siyo upepo. Ni *msubiri shangazi*."

"Shangazi yupi?"

"Aliyeachwa mtoni. Na sasa yeyote, mradi awe dada ya baba."

Bwana Gault alifikiri. Alikuwa mtu mwema, kila Krismasi aliwapa wafanyakazi paja la nguruwe.

"Linauzika hilo, Nev," alisema. "La mtoni siyo. Hili la dada ya baba."

Mwezi uliofuata mabango yalibandikwa jimbo zima: *Kurralai, gari la ukoo.* Katika picha, mama mmoja mwenye nywele nyeupe alikaa kiti cha mbele akicheka. Yakauzwa magari mengi kuliko Meridiani, Baroni na Kipanga kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wameishi miaka kumi na mitano na kasuku peke yake walianza kugongewa mlango saa mbili asubuhi na wapwa walionyoa ndevu. Walipelekwa kazini, sokoni, kwenye mechi za mpira na kwenye miadi ya wapenzi, ambako walikaa mbele wakifuma soksi huku vijana wakiwa nyuma wamenyooka kama wako kanisani. Wanawake wenye kaka wasio na watoto waliwaandikia kaka zao barua kuwauliza wanangoja nini.

Kijitabu hakikubadilishwa. Nakala elfu arobaini zilikuwa zimeshachapishwa, na watu wa matangazo walisema upesi kama upepo ina mdundo mzuri. Shangazi Myrtle alipelekewa barua ya shukrani na pete ya funguo yenye nembo. Wiki hiyo hiyo mawakili wa kampuni waliiandikia timu ya netiboli ya akina mama wa mtaani kwake, iliyoitwa Kurralai tangu mwaka 1949, kuwaarifu kwamba neno hilo lina mwenyewe na wanaombwa watafute jingine.

Neville aliiona nakala ya barua hiyo ikipita mezani pake. Aliisoma mara mbili. Halafu akaomba ruhusa ya Ijumaa, akachukua Kurralai ya idara, nyekundu, iliyobakiza maili chache kufika mia tatu, akaenda kwa Shangazi Myrtle. Hakujua atasema nini, akasema:

"Nimekuja kukupeleka mtoni, kama ungependa."

"Unataka nikusamehe njiani?"

"Hapana. Nataka kuendesha tu."

"Basi nivae viatu," alisema Shangazi Myrtle.

Walisafiri kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwa kuwa Clarrie na ndugu zake ni watoto wa kaka yake, gari lilikwenda bila neno. Shangazi Myrtle alikula peremende na kumkosoa Neville kila alipobadili gia. Walifika mahali panapoitwa Kona ya Pascoe, ambapo mto unapinda chini ya miti mikubwa ya mkaratusi. Kulikuwa na geti la chuma, kufuli, na senyenge iliyokwenda pande zote mbili mpaka macho yalipochoka. Hapo gari likasimama. Neville alijaribu kulirudisha nyuma ili aliegeshe vizuri. Halikurudi.

"Shangazi, umo ndani na limekataa," alisema.

"Hapa linamjua wa kwake," alisema Shangazi Myrtle, akashuka.

Hawakungoja sana. Mwanamke mmoja alipanda kutoka mtoni kwa mwendo wake, kikapu kilicholowa kichwani, mbwa wa manjano nyuma yake. Alionekana ana miaka kama thelathini na mitano. Alipofika kwenye senyenge alipita katikati yake bila kuinama, na mbwa vilevile. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akakaa, akakipakata kikapu. Maji yakadondoka kwenye zulia. Springi za gari zilishuka kidogo, injini ikatulia, ikawa kama imeshusha pumzi.

"Mmechelewa," alisema kwa lugha yao.

"Tumechelewa, Shangazi," alijibu Shangazi Myrtle, aliyemzidi umri mara mbili. Aliinama dirishani. "Mimi ni mjukuu wa yule mdogo. Aliyekuwa analia sana."

"Pua imefanana. Yeye yuko wapi?"

"Alibaki misheni. Sisi tumekuja kukuchukua, twende nyumbani."

Yule mwanamke alimtazama kama anayesikiliza mtu mwenye homa.

"Nyumbani wapi?" alisema. "Nyumbani ni pale." Akanyoosha kidole upande wa pili wa geti, kwenye miti. "Mimi sikuachwa. Nyinyi ndio mlichukuliwa. Mimi nimekaa hapa nawasubiri nyinyi. Nilijua mtoto anayelia vile lazima atarudi." Akafungua mlango, akashuka, akakirudisha kikapu kichwani. "Haya, twendeni. Samaki nimeshawatoa magamba."

Alipita tena katikati ya senyenge. Alikwenda hatua kumi, akageuka.

"Njoo, basi."

Shangazi Myrtle alikuwa amefika kwenye geti. Alishika chuma kwa mikono miwili.

"Siwezi, Shangazi. Mimi nina mwili. Wamefunga."

Mwanamke mwingine alikuwa anakuja kutoka nyumba ya shamba, amevaa aproni, amebeba sinia. Alikuwa Bi Heather Pascoe, mwenye shamba. Aliona gari jekundu kutoka dirishani, alisema, na hapendi mtu afike kwake asile kitu. Alipitisha skonzi zenye jamu na malai juu ya senyenge, moja kwa Neville, mbili kwa Shangazi Myrtle. Zilikuwa za moto bado.

"Tunaomba tuingie kidogo," alisema Shangazi Myrtle. "Mpaka pale mtoni tu."

"Oo, mpenzi, ningefurahi mno. Ni watu wa bima. Wanatutia wasiwasi sana, mtu akiteleza tu, basi. Huwa tunafungua Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ukiandika barua mapema."

"Na yeye?" Shangazi Myrtle aliuliza, akimwonyesha yule aliyesimama na kikapu.

Bi Heather aligeuka, akampungia mkono.

"Huyo hana shida," alisema. "Yupo tangu enzi za babu ya mume wangu. Anatuangalizia kuku."

Neville alifungua buti akatoa kiti cha kukunja, akakiweka karibu kabisa na senyenge, Shangazi Myrtle akakaa. Yule wa mtoni alirudi, akaketi chini upande wake, mbwa akalala katikati, nusu huku nusu kule. Walianza kuongea. Maneno mengine Shangazi Myrtle alikuwa hajayasikia tangu utotoni, akawa anauliza, na alipokosea kulitamka moja alipigwa kofi jepesi kupitia kwenye nyaya.

Bi Heather aliona haifai mgeni akae chini. Akaenda kibarazani, akaleta kiti kizuri cha matete chenye mto, akakiweka upande wa ndani, akampapasa yule mwanamke begani na kumwambia asiogope kukitumia. Kisha akalivuta kufuli mara mbili, kama afanyavyo kila siku, akaona limeshika, akarudi ndani kuangalia oveni.